Mhariri, pampu za mafuta ziandikwe namba ya okteni

Mhariri, salaam aleikum. Mimi ni dereva hapa Malindi, nabeba watu kwenda Watamu, Kilifi mpaka Mombasa, na nina jambo moja limenikaa rohoni. Hii petroli tunayotiliwa kila siku ni ya namba gani? Stesheni zote ninazotia mimi naona bei, naona neno super na naona ile ya bei juu, basi. Namba ya okteni, ile inayoonyesha petroli inavyovumilia kubanwa ndani ya injini, sioni, na hiyo namba ishanigharimu pesa nyingi.

Mwaka jana nilinunua Subaru Forester ya tabo (turbo) kwa mtu wa Nairobi. Nikaijaribu huko huko kwao, haina neno, akanambia yeye siku zote anatia super ya kawaida, nikaiteremsha pwani. Siku ya tatu nimejaza watu wanne na mizigo yao, eisii imewashwa, saa saba mchana lile jua la Februari mnalolijua, nimevuka daraja la Kilifi naupanda ule mwinuko, mara naskia injini inalia kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Nikiachia mafuta inanyamaza, nikikanyaga inalia tena. Fundi wa kwanza alisikiza dakika mbili akasema pistoni zimekwisha injini ifunguliwe, wa pili akaniuzia chupa ya dawa ya kumwaga kwenye tangi. Pesa zikaenda na kelele iko pale pale.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Lamu, fundi wa mashini za boti, nilimpigia kwa shughuli nyengine kabisa tukafika kwenye habari ya gari. Akaniuliza, mwanangu, kwenye kifuniko cha tangi pameandikwa nini? Nikaenda kufungua kile kimlango, kuna stika ya Kijapani, nimeipita kila siku sijaijali. Nikaipiga picha simu ikanisomea, imeandikwa hai-oku. Kumbe Japani wana petroli za aina mbili, regyula ambayo kiwango chake ni RON 89 kwenda juu (RON ndo kipimo cha okteni), na hai-oku ambayo haitakiwi kupungua RON 96. Super yetu ya Kenya ni RON 93. Yaani gari ilitengenezewa 96 mimi naipa 93.

Mhariri naomba hapa unipe nafasi kidogo manake ndipo watu wengi wanapopotea. Okteni si nguvu wala si utamu wa mafuta, okteni ni subira ya petroli. Pistoni ikipanda inaibana hewa na petroli mpaka vinapata joto kali, na petroli inatakiwa ingoje cheche ya plagi halafu iwake kwa mpango, moto uanzie pale kwenye plagi uende pembeni. Ile isiyokuwa na subira, iliyobaki pembeni inalipuka yenyewe kabla moto haujaifikia, na huo mlipuko ndo ile sauti ya misumari, ukiuacha uendelee unakula pistoni. Tabo inasindilia hewa zaidi ndani kwa hivyo inataka petroli yenye subira zaidi.

Sasa mbona Nairobi haikulia? Hili lilinisumbua usiku kucha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake nyepesi, injini inapata hewa chache na kule kubanwa kunapungua. Huku kwetu bahari iko mlangoni, hewa nzito na joto juu yake, basi petroli ile ile iliyotosha kule huku inashindwa. Nilipoanza kutia ile ya bei juu, kelele iliondoka baada ya tangi la pili, na injini haijafunguliwa mpaka leo.

Lakini msinielewe kwamba kila mtu akimbilie ya bei juu, hapana, hapo ndipo roho inaniuma zaidi. Jirani yangu ana Probox, kila wiki anajinyima atie ya ghali ati gari ichangamke, na najua anavyoihangaikia hiyo pesa. Injini ya Probox ni ya regyula, super yetu ishapita hapo, hiyo okteni ya ziada haina kazi ya kufanya. Kama ni dawa za kusafishia zilizomo ndani yake, hayo ni mambo mengine, siyapingi. Na msidanganywe pia na hesabu ya kompresheni peke yake, yaani injini inavyobana hewa, Mazda Demio ya 2011 yenye injini ya Skyactiv ya 1300 inabana 14 kwa 1 na huko Japani inakunywa regyula, manake wenyewe waliiunda hivyo. Soma stika yako au kitabu cha gari.

Vijana nao wanasoma namba za Marekani kwenye simu. Wamarekani hawaandiki RON, wanachukua wastani wa RON na kipimo chengine kiitwacho MON, kwa hivyo 87 yao ni kama RON 91 au 92 na 91 yao ni kama 95 au 96. Sasa mtu akisoma gari yake inataka 91 anafurahi, anasema super yetu 93 imezidi, kumbe imepungua! Lakini angalau wenzetu hao pampu zao zina stika ya manjano yenye namba, ni sheria.

Na kuna huu mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, manake yalikuwa ya bei rahisi, kusudi faida ya kuchanganya iishe. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli okteni inaporomoka, kwa hivyo hata Probox ikianza kulia siku hiyo hiyo umetoka kujaza, shuku yale mafuta kwanza kabla ya kumlipa fundi afungue injini.

Ninachoomba ni kitu kidogo. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi hutangaza bei mpaka ya senti, basi na namba ya okteni iandikwe kwenye kila pampu, kwa herufi ambazo mtu wa bodaboda ataziona bila kushuka. Na ikiwezekana barua hii itoke kabla ya Disemba, manake ndo wakati magari ya tabo yanateremka kwa wingi kutoka bara kuja kutembea huku, yamejaa watoto na mizigo, na ule mwinuko wa Kilifi unayangoja.

Dereva, Shela, Malindi