Risala ya wanakikundi wajasiriamali kwa Mgeni Rasmi, Kiboriloni, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mtendaji wa Kata, Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wa dini, majirani zetu wa sokoni, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi jioni ya leo.

Kikundi chetu kilianza kama vingi vinavyoanza: hisa za kila juma, mikopo midogo ya wanachama, na mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Miongoni mwetu wamo wasagaji wa unga wa lishe na wa ndizi, washonaji, watengenezaji wa sabuni ya maji, mkaangaji wa kahawa, mfungashaji wa asali na fundi viatu mmoja. Jambo tulilotaka kulisema mbele yako ni desturi moja tuliyojiwekea. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, baada ya kufunga sanduku la fedha za kikundi, hatutawanyiki. Mwanachama mmoja hukaa mbele na kutusimulia bidhaa yake, malighafi inatoka wapi, nani alimfundisha kazi, mara ngapi aliharibu, na nani alikuwa mteja wake wa kwanza. Wenzake humuuliza maswali, na katibu huandika daftarini. Mwanzoni baadhi yetu tuliona ni kupoteza jioni, na ukweli usemwe kwamba katika kikao cha kwanza mmoja wetu alilala.

Tulioamka kabisa tuliamshwa na mama wa unga wa ndizi. Kwa muda mrefu alipanga mifuko yake mezani kama wenzake, na mteja aliuliza bei tu, kisha akaenda kwa aliyepunguza shilingi mia mbili. Zamu yake ilipofika alitueleza namna anavyochagua mchare, aina ya ndizi ya kupika, uliokomaa ambao haujaanza kuiva, anavyoumenya na kuukata vipande vyembamba siku hiyohiyo, anavyouanika juu ya chanja kilichoinuliwa na kufunikwa chandarua kuzuia vumbi na nzi, na kwa nini mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameshika, haaniki kabisa. Kisha akaongeza, kama mtu anayejisemea, kwamba bibi yake kule Uru, akitwanga ndizi kavu kwenye kinu, alikuwa akiwasimulia wajukuu kisa cha Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Mlima Kilimanjaro.

Kisa hicho wengi hapa mnakijua, ingawa kila kijiji kina namna yake ya kukisimulia. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Alimkuta akitwanga ndizi kavu, naye akapewa moto pamoja na ndizi. Ndizi zilimkolea, hata njiani akauzima moto kwa makusudi na kurudi kuomba tena, akapewa. Aliporudi mara ya tatu Kibo alishikwa na hasira, akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana mpaka leo Kibo amekaa na kichwa chake cha mviringo, na Mawenzi amebaki na mapengo.

Siku hizi mama huyo akipimia mteja aliyefuatana na mtoto humwambia mtoto kwamba ndizi zilizomponza Mawenzi ndizo hizi. Mtoto hutaka kisa kizima, na mzazi husimama. Hatudai kwamba kisa ndicho kilichouza unga, kwa maana unga mbaya ungerudishwa juma la pili. Kisa kilimfanya mteja asimame, na maelezo ya chanja na chandarua yakamfanya anunue, tena akarudi.

Mkoa wetu una somo la zamani katika jambo hili. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, na baadaye KNCU, chama kikuu chao cha ushirika, ilipoanzishwa mwaka 1933, walipata nguvu ya kuuza kwa pamoja ambayo mwenye kihamba kidogo, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, asingeipata peke yake. Lakini kahawa ikishakobolewa huchanganywa na kupangwa kwa madaraja, na inapofika mnadani gunia halisemi tena limetoka mikononi mwa nani. Hatulaumu, ndivyo biashara ya wingi inavyokwenda. Kijana wetu hukaanga kiasi kidogo cha kahawa ya kihamba cha nyumbani kwao, na juu ya mfuko huandika jina la kijiji, mwezi iliyochumwa, na kwamba migomba inayoitia mibuni kivuli ilipandwa na babu yake. Wengi wanaonunua mfuko wa pili huanza kwa kumuuliza habari za babu.

Daftari hilo pia limetuumbua. Mfungashaji wetu wa asali alikuwa na lebo nzuri yenye picha ya mlima, na zamu yake ilipofika akaulizwa mizinga yake iko msitu gani. Alikaa kimya, kisha akakiri kwamba asali hununua kutoka Tabora. Tulijadiliana mpaka giza likaingia, maana wapo waliosema picha ya mlima haimdhuru mtu. Mwishowe alikubali kubadilisha lebo, na sasa imeandikwa kwamba ni asali ya misitu ya miombo ya Tabora, iliyochujwa na kufungashwa Moshi. Mauzo yalishuka kidogo kwa miezi miwili, na hatutaficha hilo. Hata hivyo tuliona ni nafuu kuliko siku ambayo mteja angeugundua uongo huo mwenyewe, kwa sababu angeondoka akiwa na mashaka na meza zetu zote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lipo pia la kutuuma. Miaka iliyopita walikuja wageni wakampiga picha mshonaji wetu mmoja, na baadaye tukaiona picha hiyo katika kipeperushi kilichomweleza kuwa mjane asiye na kitu aliyeokolewa kwa msaada wa cherehani. Mama huyo alikuwa na cherehani mbili kabla hawajafika, na alikwisha kumlipia mtoto wake ada hadi kidato cha nne. Hakuulizwa. Tangu siku hiyo tumekubaliana kwamba habari ya mwanachama haitoki mpaka asomewe mwenyewe na aridhie, na kwamba hatutauza huruma. Anayenunua gauni kwa kumhurumia mshonaji hununua moja tu.

Kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tumegundua kwamba aliyezoea kusimulia kazi yake mbele ya wenzake haogopi kuandaa andiko la mradi. Gharama, msimu na hasara zake anazijua kwa kuwa aliulizwa zote.

Tunayo maombi machache. Tunaomba utusaidie kuwafikia maofisa wa Shirika la Viwango (TBS) na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) waje watuelekeze hatua za kupata alama ya ubora, kwani simulizi bila alama hiyo haivuki mlango wa duka kubwa. Tunaomba dakika chache katika redio za hapa Moshi ili wanachama wasimulie kwa sauti zao wenyewe. Na wakati wa Nane Nane katika viwanja vya Themi, Arusha, tunaomba kwenye banda la halmashauri tupewe mahali pa kuketi na kuzungumza na watu, pamoja na meza ya kupanga bidhaa. Tunaahidi kwamba ukitupa moto huu hatutauzima njiani ili turudi mwakani kuomba uleule. Mchi wa Kibo tunaukumbuka.

Mfuko uliowekwa mbele yako ni wa unga wa ndizi wa mama tuliyemtaja, na ndani yake kimo kikaratasi alichokiandika kwa mkono wake.

Tunaomba kuwasilisha.