Yah: Fomu za wanachama wetu kuachwa wazi mtandaoni

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wenu wa kututunzia mafaili mtandaoni mnaujua, sitaurudia. Fomu za mikopo za SACCOS yetu, zenye namba za NIDA, mishahara na sahihi za wadhamini, tangu mafundi wenu wazihamishie hifadhi mpya zinafunguka kwa yeyote mwenye linki, bila nywila.

Nilipowapigia, bodi ikiwa mezani na simu kwenye spika, kijana wenu alinijibu: "Mama, faili ni lenu, ruhusa ni zenu. Tafuteni mtu anayejua kompyuta." Kisha akacheka.

Haya, tukamtafuta. Akatuonyesha kwamba baketi, yaani lile ghala la mtandaoni lenye mafaili yote, ina jina letu, lakini kila faili limepakiwa kwa akaunti ya fundi wenu na kuwekwa wazi kwa wote, hivyo kwa mfumo mwenye faili ni huyo fundi. Tukijaribu kulifunga tunapata 403, hamna ruhusa. Swichi ya kufunga baketi nzima iko kwenye akaunti kuu, ambayo mmeishika ninyi. Yaani mtu baki anasoma mshahara wa mwalimu, na sisi tuliokabidhiwa fomu yake tunazuiwa! Na kabla ya kuhama niliwauliza kwa barua pepe kama ruhusa zitabaki zilivyokuwa. Mkasema tusiwe na wasiwasi.

Narudia ile simu, maana imeniuma. Mwalimu mwenyewe alikuwepo. Fomu yake ilishazunguka WhatsApp, ndiyo sababu tuliitana. Mwenyekiti, mzee wa watu, alikuwa ameinama asikie vizuri. Mbele yao naambiwa nitafute anayejua kompyuta, na kicheko kinajaa chumba. Hata pole hakutoa.

Naomba mfunge baketi nzima leo hii, si faili moja moja, na umiliki wa mafaili uhamie kwetu. Mtupe na kumbukumbu za nani alifungua nini. Kama hamkuziwasha, semeni hivyo kwa maandishi, usaini wewe mwenyewe. Ada ya mwaka huu irudishwe. Kijana yule aje aombe radhi mbele ya bodi. Tena mje naye.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana ninyi mnaochakata taarifa kama inavyotubana sisi. Ikifika Ijumaa saa sita mchana linki bado inafunguka, nakala ya barua hii naipeleka kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa mkono wangu, na mwanasheria wetu ataendelea kutoka hapo.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya Bodi