Malalamiko Kuhusu Manakishi Yaliyopashwa Moto na Kuuzwa kama Yaliyookwa Papo Hapo

Al Khuwair, Maskati
16 Februari 2025

Kwa Meneja wa Duka la Mikate ya Kilebanoni

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyosalimiana nayo mwaka 2019, siku uliponisikia nikimkemea mwanangu mbele ya kaunta ukanijibu kwa Kiunguja safi, na tangu hapo sijawahi kuagiza kitu kwenu kwa lugha nyingine. Lau kosa lingekuwa ni chumvi kuzidi au mhudumu kununa, ningelisema palepale likaisha. Hili limenilazimu kushika kalamu.

Ijumaa iliyopita, tarehe 14, majira ya saa tatu asubuhi, nilikuja na mke wangu na watoto wawili, tukaagiza manakishi, ile mikate bapa ya Kilebanoni inayopakwa kitu juu kabla ya kuokwa, mitano kwa jumla: miwili ya zaatari (majani makavu ya kunukia yaliyochanganywa na ufuta), miwili ya jibini na mmoja wa nyama. Mikate ililetwa kabla chai haijamiminwa vikombeni. Kwa mtu aliyezoea kumtazama mwokaji wenu akichukua donge lililoumuka, akalisukuma, akalipaka na kulitia tanurini kwa lile bapa la mbao lenye mpini mrefu, haraka hiyo ilinishangaza, nikageuka kutazama. Chini ya kaunta palikuwa na rundo la mikate myeupe iliyookwa nusu, kila mmoja umetenganishwa na mwenzake kwa karatasi ya nailoni, na kijana alikuwa akiichomoa miwili miwili, akiipaka na kuiweka mdomoni mwa tanuri kwa muda usiozidi kusoma Kul-huwallahu mara mbili tatu.

Huenda ukasema kwamba mkate ni mkate. Sivyo, na wewe unajua zaidi yangu. Jina la manakishi limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia sisi neno nakshi, kwa sababu mwokaji huubonyeza uso wa kinyunya kwa ncha za vidole kabla ya kuupaka, na vile vishimo ndivyo vinavyoyashika mafuta ya zeituni pamoja na zaatari na ufuta wake. Mikate tuliyoletewa haikuwa na alama ya kidole hata moja. Ilikuwa sawasawa kama sahani, kazi ya mashine. Mafuta yalikosa pa kukaa yakateremka hadi kwenye karatasi, zaatari ikabaki juu kama vumbi kavu, na nilipoukunja mkate wangu katikati, kama unavyoliwa, ulivunjika. Wa jibini ulikuwa na ukingo mgumu na katikati mbichi. Binti yangu, ambaye huupenda huo kuliko chakula chochote cha mjini hapa, alikula jibini akaacha mkate.

Nilipomuuliza mtunza fedha, alinijibu kwa adabu kwamba siku za Ijumaa wateja ni wengi na kwamba mikate hiyo huletwa tayari kutoka nje. Naielewa shida ya Ijumaa. Nisichokielewa ni bango lililo mlangoni, lililoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza kwamba kila mkate hukandwa na kuokwa hapa mbele ya mteja, na kando yake ile karatasi mliyoibandika ya kujivunia kwamba mwaka 2023 UNESCO iliyaingiza manakishi ya Lebanoni katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kilichotambuliwa ni ujuzi wa kuyatengeneza, si rundo lililo chini ya kaunta.

Bili yangu ilikuwa riyali 4 na baisa 300. Katika hizo, baisa 800 ni za chai, nayo ilikuwa nzuri kama siku zote, kwa hiyo siidai. Nadai nirudishiwe riyali 3 na baisa 500 za mikate mitano, na nakala ya risiti nimeiambatanisha. Pamoja na hayo, naomba mchague moja kati ya mambo mawili: ama mrudi kukanda wenyewe, hata kama Ijumaa itatubidi tungoje nusu saa, ama mliondoe bango mlangoni na kuwaeleza wateja wanunue wakijua. Ramadhani imebaki kama wiki mbili, na jirani zangu kadhaa, ambao ni mimi niliyewaelekeza kwenu, wameanza kuniuliza kama mtapokea oda za futari. Sijawajibu.

Nitapita Alhamisi baada ya Alasiri kusikiliza uamuzi wako.

Wako,
Mteja wa meza ya karibu na tanuri