Shangazi, nianze Novemba au ningoje vitamini D ipande?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 37, naishi Mombasa na mume wangu yuko kazini Doha. Mirija yangu ya uzazi imeziba yote miwili, kwa hiyo habari za "tulia tu, Mungu ataleta" tulishazivuka. Tumejinyima, tumechukua mkopo wa sacco, na tumepanga kufanya IVF, yaani mayai kurutubishwa maabara kisha kupandikizwa tumboni, huko Nairobi mwezi wa Novemba kwa kuwa ndipo atakapokuwa likizo. Likizo yake ni mara moja kwa mwaka.

Majibu ya vipimo vya matayarisho yalikuja mazuri isipokuwa mawili. AMH, ile ya kukisia akiba ya mayai, ni 0.9, na nimeambiwa iko chini. Vitamini D ni 11, na pembeni yake wamechapa mshale unaotazama chini. Daktari akasema chini ya 20 ni upungufu, naye hapendi kupandikiza kabla haijafika 30. Akaniandikia kepsuli za yuniti 50,000, moja kwa wiki kwa wiki 8, halafu nipimwe upya. Sasa tuko mwisho wa Septemba. Piga hesabu mwenyewe, Shangazi: nikipimwa tena, mume wangu anafunga mabegi.

Nyumbani hakuna aliyeamini. "Mombasa hii, na jua hili?" Mama mkwe alicheka kweli. Lakini mimi natoka na matatu alfajiri, nashinda kwenye ofisi ya uhasibu yenye kiyoyozi, narudi magharibi. Dirisha langu linapata jua tele, ila mionzi inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D haipiti kwenye kioo. Nikitoka nje nimevaa buibui, na ngozi nyeusi kama yangu huhitaji jua kwa muda mrefu zaidi. Tulijaribu paa la gorofa yetu, Jumamosi saa sita, mikono wazi, kati ya matangi ya maji na kamba za nguo. Jengo la jirani limeshatupita kimo na mafundi walikuwa juu wanamimina zege. Nilishuka upesi.

Mama mkwe akaona dawa ni mafuta ya ini la samaki, akaninunulia chupa kubwa kwa pesa yake. Nimesoma nyuma ya chupa: mna vitamini A, na mfamasia amenionya kwamba ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayetafuta mimba ayaepuke. Chupa iko juu ya friji. Kila akija, mama mkwe huiinua kuangalia imeshuka kiasi gani.

Wifi yangu naye alinipeleka maabara nyingine, majibu yakasema 28. Akapiga vigelegele hapo hapo mapokezi! Kumbe hawa wanapima kwa nanomoli kwa lita na wale wa kwanza kwa nanogramu kwa mililita. Gawa 28 kwa 2.5, unarudi kwenye 11 ile ile. Binamu yangu wa duka la dawa anasema basi nimeze kepsuli mbili kwa wiki nifike haraka. Hilo nimekataa. Vitamini hii haitoki na mkojo ikizidi, hukaa kwenye mafuta ya mwili, na ikipita kiasi hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo.

Kinachonikosesha usingizi ni daktari wa pili, niliyemwendea kutafuta maoni mengine. Yeye anasema nianze kepsuli leo na mzunguko wa IVF Novemba, nisingoje. Ni kweli, anasema, wanawake wenye vitamini D ya kutosha wameonekana kushika mimba zaidi kwenye IVF, lakini huenda ni kwa sababu wana afya bora kwa jumla. Alinitajia utafiti wa Italia uliotolewa 2021: wenye vitamini kidogo waligawanywa, wengine wakapewa dozi moja ya yuniti 600,000, wengine dawa ya kuigiza isiyo na vitamini, na mimba hazikutofautiana. Umri na AMH yangu, kwake, ndivyo vya kuogopa. Nilipomrudishia wa kwanza maneno haya akajibu kwamba dozi ya mkupuo si sawa na kujaza taratibu, na kwamba hata mimba ikishika, mifupa ya mtoto itaitaka vitamini hiyo hiyo. Wote wawili naona wana hoja, na hapo ndipo shida.

Kuna njia ya tatu, ninayoelemea. Novemba nitolewe mayai, yarutubishwe kwa mbegu za mume wangu akiwapo, kisha viinitete vitakavyopatikana vigandishwe. Mimi niendelee na kepsuli, na nipandikizwe mwakani nikiwa nimejaa. Hapo hatupotezi mayai wala likizo. Lakini kugandisha kuna gharama yake, upandikizaji wa baadaye una dawa na malipo yake, na sacco haitanikopesha tena kabla sijalipa huu. Mume wangu anaogopa zaidi jambo jingine: viinitete vyetu vilale kwenye matangi Nairobi yeye yuko Doha, visije vikachanganywa na vya watu. Nimemwambia huwekwa alama za majina. Amenyamaza tu, na ukimya wake naujua.

Shangazi, nawe msomaji uliyepita njia hii: je, kuna aliyeanza vitamini yake ikiwa chini hivi, au aliyegandisha akangoja? Niulize nini kliniki kuhusu utunzaji wa viinitete ili mume wangu atulie? Na mama mkwe nimwelezeje habari ya chupa bila kumvunja moyo, maana amekuwa mwema kwangu miaka yote hii? Kliniki inataka malipo ya kwanza wiki ya pili ya Oktoba, kwa hiyo nitashukuru nikijibiwa kabla ya hapo.

Msomaji wako, Mombasa