Golikipa wenu na kura yako

Mwanangu Baraka,

Marahaba baba. Ile voisi yako ndefu nimeisikiliza yote jana usiku baada ya kufunga ofisi, maana mchana wateja walikuwa wananisumbua na redio nayo haikunyamaza na habari za usajili. Huku wote wazima, bibi yako kikohozi kimepungua, baridi ndo limekaza mpaka asubuhi vidole havishiki sindano. Nimeona nikuandikie kuliko kupiga kwa sababu kwenye simu unakuwaga na haraka, "sawa mama, sawa mama" kumbe hujasikia kitu.

Sasa hili la timu yenu ya chuo. Nilivyokuelewa, golikipa wenu anagombea serikali ya wanafunzi, af kapteni ameandika kwenye gurupu kwamba wote mnaocheza pamoja lazima mumpe kura mwenzenu na asiyetaka ni msaliti, na ww unaona huyo kijana hana anachokisema cha maana ila unaogopa ukifungua mdomo utasugua benchi mpaka umalize chuo. Ukaniuliza, mama kwani watu wa timu moja si wanatakiwa wawe na msimamo mmoja?

Hapana baba. Haijawahi kuwa hivyo, na mimi nakwambia nikiwa nimekaa hapa hapa kwenye cherehani Mwanjelwa, ambapo nguo za kila aina ya mtu zinapita mkononi kwangu. Kuna mteja wangu mmoja wa Mafiati, huyo ukimtaja Yanga analia machozi. Kipindi cha kampeni kile aliniletea mfuko mmoja wa rambo una nguo mbili ndani, jezi ya Yanga anataka nipunguze ubavuni maana kanunua kubwa, na gwanda la Chadema zipu imekufa na mfuko wa kifuani umechanika. Nguo mbili za mtu mmoja, mfuko mmoja, na hela alilipa kwa pamoja tena akaomba apunguziwe. Siku hiyo hiyo akaja mama mmoja mke wa balozi wa nyumba kumi, CCM damu, kanga ya kijani kiunoni, ila ndani kavaa tisheti nyekundu ya Simba na anataka nimbandikie namba mgongoni. Wakakutana kwenye benchi langu wale wawili. Unafikiri waligombana nini? Penati! Chama hata hawakukigusa, walibishana penati mpaka chai yangu ikapoa.

Watu wanapenda kusema Yanga ni CCM kwa sababu ya njano na kijani. Rangi zinafanana kweli, na siwezi kukataa kwamba Yanga ya zamani ilikuwa karibu sana na watu wa TANU waliopigania uhuru, historia hiyo ipo. Lakini angalia miaka, Yanga imeanza 1935, TANU 1954, CCM yenyewe imezaliwa Februari 5, 1977 baada ya TANU na ASP ya Zanzibar kuungana, kwa hiyo hakuna aliyejiunga Yanga akiwa anajaza fomu ya chama ambacho hakijazaliwa. Af njoo upande wetu sisi Simba. Ismail Aden Rage alikuwa mwenyekiti wa klabu na wakati huo huo ni mbunge wa Tabora Mjini kwa tiketi ya CCM. Zitto Kabwe naye ni Simba na hajifichi, na kila mtu anajua amekaa upinzani miaka yote. Timu moja hiyo hiyo. Huko Ulaya ndo usiseme, Arsenal yenu hiyo mnayoililia kila Mei anaishabikia Kagame rais wa Rwanda na anaishabikia Corbyn aliyewahi kuongoza chama cha Labour Uingereza, hebu waweke meza moja uone kama wataelewana kitu kingine zaidi ya goli.

Na wanasiasa wenyewe wanalijua hili kuliko ww na kapteni wako. Unakumbuka 2023 lile la goli la Mama? Rais Samia alianza kutoa milioni 5 kwa kila goli kwenye mechi za CAF, yale mashindano ya klabu za Afrika, na alitoa kwa Simba na alitoa kwa Yanga. Ingekuwa klabu moja ni ya chama chake hela si angezimwaga huko tu akamaliza? Anajua kura zake ziko pande zote mbili za uwanja.

Hapa nyumbani mwenyewe umekua ukiona. Mimi Simba, baba yako Yanga, siku ya dabi hatupikiani (natania, huwa napika ila sahani naiweka kwa kishindo). Lakini ikija habari ya bei ya mbolea, au wale madalali wanaotaka viazi vya Uporoto vifungwe lumbesa gunia linapandishwa kichwa mpaka juu na bei inabaki ya gunia moja, mimi na baba yako na mjomba wako wa Isyonje ambaye mpira hata hautazami, tunaongea kitu kimoja. Kwa nini? Kwa sababu wote tunalima. Maumivu yetu yanatoka sehemu moja. Jezi haijui bei ya mbolea baba, mwenye shamba ndo anaijua.

Sisemi kwamba mpira na siasa havikutani kabisa, hapo nitakuwa nakudanganya. Vinakutana, ila ukichunguza unakuta kuna kitu kingine kilishawaunganisha wale watu kabla ya mpira. Kenya kwa mfano, Gor Mahia na AFC Leopards, moja ya Wajaluo na nyingine ya Waluhya tangu zinaanzishwa, na Raila Odinga alikuwa mtu wa Gor miaka nenda rudi, kwa hiyo ukienda jukwaa la Gor enzi zile ukauliza nani wanampenda usingepata tabu. Lakini siyo mpira uliowafanya wampende. Ni kwao, ukoo, lugha, vijiji walivyotoka, mpira umekuja juu ya hivyo vyote. Au hapa hapa Mbeya, msimu wa 2013/14 Mbeya City imepanda ligi kuu inamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, wewe ulikuwa mdogo ila ile fulana ya zambarau niliyokushonea naamini unaikumbuka. Jiji zima lilikuwa zambarau. Mbunge wetu wakati ule alikuwa Sugu wa Chadema, timu ni ya halmashauri ya jiji, na pale uwanja wa Sokoine jukwaani unamkuta mwanachama wa chama hiki kamkumbatia wa chama kile wote wamelewa furaha. Kilichotuunganisha ni Mbeya, ile hasira ya kuona timu za Dar zinakuja kuchukua pointi na kuondoka. Ukitoka nje ya geti kila mtu na chama chake, na uchaguzi wa 2015 ulipofika hakuna aliyeuliza nani alikuwa anakwenda Sokoine. Na Prisons je? Timu ya Magereza ile, ina mashabiki wake humu mjini, ina maana wanapenda jela?

Wakati mwingine inakuwa kinyume kabisa mpaka inachekesha. Misri, Al Ahly na Zamalek ni mahasimu wa kufa, mashabiki wao wa makundi ya ultrasi, wale wakereketwa wa kupindukia, walikuwa wanapigana mitaani. 2011 watu walipojaa uwanja wa Tahrir kule Cairo kumtaka rais Mubarak aondoke, makundi yote mawili yalikuwa pale upande mmoja. Siyo kwamba walipendana ghafla. Wote walikuwa wameshachoka virungu vya polisi viwanjani, kila wiki, kwa hiyo adui walikuwa wanamjua kabla hata ya watu wengine.

Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa Brazili, labda kwa sababu una mshono ndani yake. Klabu ya Corinthians, miaka ya mwanzo ya 80, nchi iko chini ya utawala wa kijeshi, na ndani ya timu wachezaji kina Sócrates wakaanzisha utaratibu kwamba kila jambo linapigiwa kura, mchezaji nyota na mtunza vifaa kura zao sawa. 1982 kulikuwa na uchaguzi Novemba 15, wakaandika mgongoni kwenye jezi maneno ya kuwaambia watu tarehe 15 wakapige kura. Basi. Hawakuandika mpigie fulani. Nimebandika maneno mengi sana mgongoni kwa watu, majina ya wapenzi, majina ya marehemu, matusi mengine nakataa, lakini hayo nayaonea wivu. Na hata humo humo kwenye timu ya demokrasia yao hawakuwa kitu kimoja, golikipa wao aliyekuja mwaka uliofuata, Leão, hakuupenda kabisa ule utaratibu na alisema wazi. Aliendelea kudaka. Miaka mingi mbele unakuja kumuona mchezaji Neymar anampigia debe rais Bolsonaro kwenye uchaguzi wa 2022, na jezi ya njano ya taifa imegeuzwa sare ya upande mmoja mpaka Wabrazili wengine wakaona aibu kuivaa. Nchi moja, mpira huo huo.

Na kama kapteni wako anadhani kumpenda mtu uwanjani ni kumchagua, mwambie kuhusu George Weah wa Liberia. Mwafrika huyo alichukua Ballon d'Or, ile tuzo kubwa ya mchezaji bora, 1995, Liberia nzima walikuwa wanamshangilia hakuna wa kumpinga. 2005 akagombea urais, wakamchagua mama Ellen Johnson Sirleaf. 2017 wakamchagua yeye, 2023 wakamtoa wakamuweka Boakai, ambaye sijawahi kusikia kama hata anajua kupiga danadana.

Sasa niseme kilichonikaa moyoni. Kwenye voisi umegusia kama utani kwamba wiki hii mmeletewa jezi mpya seti nzima, na kuna "kaka mmoja" kazitoa. Mimi ni fundi Baraka. Ile picha uliyonitumia nimeivuta nikaangalia, namba za kubandika kwa moto, nembo kifuani, shingo ya rangi mbili, soksi juu. Hiyo siyo hela ya kuokota na hakuna mtu anayetoa hela ya namna hiyo wiki mbili kabla ya uchaguzi kwa sababu anapenda krosi zenu. Kwa hiyo anaposema timu moja kura moja, timu haijasema hivyo, hiyo ni bei ya jezi inadaiwa. Muulize kapteni taratibu tu, tena mkiwa wawili siyo kwenye gurupu, huyo kaka ni nani na anataka nini golikipa akishapita. Jibu lake litakuonyesha mengi kuliko sera.

Usitoke kwenye timu. Nasema hivyo kwa sababu nakujua, ukikasirika unasusa kama baba yako. Hao wenzako watakaokuwa na mawazo tofauti na yako ndo hao hao waliokubeba ulipoteguka mguu mwezi wa tatu, na yule beki unayesema hamuelewani hata salamu ya siasa ndo alikuletea uji hosteli. Fanya mazoezi, pasia golikipa mpira vizuri akikuomba, na kwenye chumba cha kura uko peke yako, hakuna kapteni wala refa humo. Ukiulizwa umempa nani sema kura ni siri, ukiulizwa tena cheka.

Umesema mgombea mwingine yule binti anayeongelea maji ya hosteli na fomu za mkopo anaonekana ana akili ila tatizo ni Simba. Tatizo?? Baba yako nimemsomea hapo kacheka mpaka kamwaga chai.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la asubuhi, kuna parachichi, unga, na sweta nililoshona upya mikono, kakipokee pale Ipogolo kabla ya saa kumi maana konda hasubiri mtu. Na hiyo jezi mpya ukija likizo uje nayo, mshono wa begani wameupiga ovyo, mechi mbili tu utaachia.

Mama yako,
Mwanjelwa