Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: mtungi wa gesi tumeupata, shida ni kujaza

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Naandika mapema maana bajeti ikishasomwa mwezi wa 6 ndo imeisha hiyo. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tumeachana na kuni na mkaa, naunga mkono kabisa, na mitungi ya gesi ya kilo 6 ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imefika mpaka vijijini, hongereni sana. Ila mheshimiwa pita uswahilini hapa Dar, Mbagala au Gongo la Mboto, ingia jikoni kwa watu, utakuta mtungi umewekwa kona umefunikwa kitambaa na jiko la mkaa ndo linawaka. Gesi iliisha, na kujaza ni zaidi ya 20,000 kwa mkupuo, wakati mkaa unapimiwa kwa kopo hapo nje hata ukiwa na buku tu. Anayelipwa kwa siku anapika kwa siku. Hata kama mwisho wa mwezi mkaa unaweza kumla hela nyingi zaidi, hiyo elfu ishirini ya pamoja anaitoa wapi?

Alafu tuangalie huo mkaa unakotoka. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapo mlangoni kwetu imekatwa miaka na miaka, sasa malori yanatoka Rufiji, Kilwa mpaka Liwale, na takwimu za serikali yenyewe zinasema tunapoteza hekta kama 469,000 za misitu kila mwaka. Lakini nakuomba lawama zote asibebeshwe mchoma mkaa. Mti kama mtondoro au myombo ukikatwa vizuri kisiki kinachipua, ukirudi baada ya miaka kadhaa ni miti tena, kinachomaliza msitu ni lile shamba linalofuata nyuma ya tanuru, visiki vinang'olewa, moto unapita kila kiangazi, basi. Kilosa kuna vijiji vimepima misitu yao vikagawa vitalu, wanavuna kimoja wanaacha cha pembeni, kitalu kilichovunwa kinapumzika miaka 24, na ushuru unabaki kijijini unajenga madarasa. Pale mwanakijiji anaulinda msitu kwa sababu unamlipa.

Kwa hiyo ombi langu ni hela ya ruzuku isiishie kwenye mtungi. Mita za kununua gesi kidogo kidogo kwa simu zipo tayari hapa Dar, ruzuku iende huko ili mama ntilie aweze kununua gesi ya buku kama anavyonunua mkaa. Na mkaa wa kijiji chenye mpango wa uvunaji utozwe kidogo, ule wa magendo ndo ubanwe kwelikweli barabarani, maana leo anayefuata utaratibu analipa kila kitu na anayepita usiku na bodaboda halipi chochote.

Na kwenye ripoti zenu mtuwekee namba mbili, mitungi iliyogawiwa na mitungi iliyojazwa tena.