Barua ya kufunga shule: makande ya saa saba na likizo ya Disemba

Ndugu wazazi na walezi,

Kamwene! Ijumaa hii tunafunga shule. Ripoti za watoto mmeshakabidhiwa, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya kila ripoti. Habari ya matokeo tulishaizungumza kwenye kikao, sitairudia. Nina jambo moja lililonikaa moyoni tangu likizo ya mwaka jana.

Tukifunga shule, wapo watoto ambao kwao na chakula kinafungwa. Makande ya saa saba yanatokana na mahindi na maharage mliyochanga wenyewe, na kwa watoto wengi ni chakula cha mchana tu. Kwa wachache, ambao nawajua kwa majina na madarasa yao, ndicho chakula pekee cha uhakika kwa siku. Wengi wa hao wanalelewa na bibi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 11.1 hapa Iringa, viwango vya juu kuliko mikoa mingine yote nchini. Sisi hatukuhitaji utafiti kutuambia. Tumezika, na wajukuu tumewaona wakihamia kwa bibi zao na mikeka yao.

Najua mnatoa. Kila tarehe 24 Disemba naona mifuko ya mchele, mafuta na soda ikipelekwa kwenye nyumba hizo, na Mungu awabariki. Lakini njaa ya huku Mufindi haiko Krismasi. Iko Januari na Februari, mahindi ya zamani yameisha ghalani na mapya hata mbelewele hayajatoa. Tena njaa hiyo hutengenezwa mwezi huu huu wa Disemba, na hapo ndipo naomba tupaangalie vizuri.

Disemba ni mwezi wa palizi na mbolea ya kukuzia. Bibi asiye na unga ndani anafanyaje? Anakwenda kulima kibarua kwenye shamba lako au langu ili apate debe. Siku anayopalilia kwangu, majani yanalimeza shamba lake. Akimaliza vibarua na kurudi kwake, anakuta mahindi ya njano, yamedumaa. Atavuna kidogo, ghala litakauka mapema, na mwaka ujao ataanza kutafuta kibarua kabla hata ya kupanda. Nimeiona familia moja ya shule yetu ikizunguka hivyo miaka mitatu mfululizo, na bibi yule si mvivu. Anaamka kabla ya mimi na wewe.

Kwa hiyo, mwenye mahindi apeleke debe sasa, wiki hii au ijayo, bila kumdai mtu kazi. Debe ni kama kilo 20. Kwa bibi na wajukuu watatu, nusu kilo ya unga kwa kila mmoja, ni siku kumi hivi. Ni siku kumi ambazo bibi atashinda shambani kwake. Asiye na mahindi ana mikono: nendeni familia nzima na majembe asubuhi moja, mmpalilie. Watu sita wakianza saa moja, kufikia saa sita kipande cha robo ekari kimeisha. Chakula bebeni wenyewe, msimwachie bibi mzigo wa kuwapikia. Watoto waende nanyi. Kazi wataiweza, na watamfahamu mwenzao kwa namna nyingine.

Mwenye uwezo zaidi anunue mbolea. Udongo wetu bila mbolea hautoi kitu, kila mmoja wetu anajua. Wazee kadhaa hawapati ile ya ruzuku kwa sababu hawajasajiliwa kwenye daftari la wakulima, au simu iliyoandikishwa ilikuwa ya kijana aliyehamia mjini. Kumsindikiza mzee kwa mtendaji wa kijiji akarekebishiwe taarifa zake ni msaada mkubwa, na hauna gharama zaidi ya asubuhi moja. Na tunaoajiri vibarua, tuwalipe siku hiyohiyo jua linapozama. “Njoo Jumamosi” ni kulala njaa kwa mtu.

Jambo la pili linaniuma kulieleza. Likizo iliyopita kikundi fulani kilikuja kutoa misaada kijijini. Watoto walipangwa mstari, wakapewa mchele, wakapigwa picha wameshika mifuko, na jioni picha zikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Januari mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tano hakufika shuleni wiki mbili. Nikamfuata kwao. Aliniambia wenzake wamempa jina, wanamwita “Mchele”. Mtoto yule alipokea kilo mbili akalipa kwa jina lake. Nawaomba sana, msipige picha. Pelekeni jioni, mwingilie mlango wa uani, mseme mmekuja kusalimia. Ukiona ugumu kwenda mwenyewe, mpe balozi wa nyumba kumi, au ulete msaada huo shuleni kwa mwalimu wa malezi, naye atafikisha bila kutaja nani ametoa wala nani mwingine amepokea.

Sare pia zinahitajika. Wahitimu wetu wa darasa la saba waliochaguliwa wanatakiwa kuripoti kidato cha kwanza Januari. Ada imefutwa, lakini viatu, sweta, begi na madaftari havijafutwa, na kila mwaka kuna anayebaki nyumbani kwa ajili ya hivyo tu. Kama mwanao aliye sekondari amekua na sweta lake bado zima, lifueni, shoneni vifungo, mlilete. Nguo iliyochanika msilete. Baridi ya huku haisubiri mtu ashone, na mtoto anajua akiletewa kilichotakiwa kutupwa.

Upo “msaada” mwingine ambao naomba muukatae. Disemba mabasi yanaleta ndugu kutoka Dar es Salaam, na baadhi huondoka na mabinti zetu. “Nitamsomesha huko,” anasema shangazi, kumbe binti anakwenda kulea mtoto wa mtu na kuosha vyombo hadi usiku. Mtoto wa darasa la tano au la sita si dada wa kazi. Chini ya miaka 14 sheria hairuhusu kabisa aajiriwe. Kama mzigo wa kumlea umemshinda bibi, tuongee kabla binti hajapanda basi. Afisa ustawi wa jamii yupo, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Hao hao ndugu waliotoka mjini waombeni wachangie viatu, mbolea au debe, mjukuu abaki shule.

Waombeni na damu. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa, na wakienda likizo akiba hospitalini hupungua wakati barabara kuu imejaa magari na akina mama wanaendelea kujifungua. Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema anaweza kuchangia. Mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Damu nzima haihifadhiki zaidi ya siku 35 hivi, kwa hiyo iliyotolewa Oktoba haipo tena Krismasi. Mkienda Mafinga kununua mahitaji ya sikukuu, piteni hospitali.

Stoo ya shule itakuwa wazi kila Jumanne na Alhamisi ya likizo, saa tatu hadi saa sita, na mwalimu wa zamu atapokea. Mahindi yawe makavu, maana tutayahifadhi mpaka Februari. Leteni na magunia matupu kama mnayo, tuliyonayo yametoboka.

Nawatakia Krismasi njema na mvua ya kutosha.

Mwalimu Mkuu